Mtungi wa Abuba Simu

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kila mtu mzima wa Juba aliyejiheshimu alitembea na simu mbili. Si kwa majivuno peke yake, ingawa majivuno nayo yalikuwepo. Mtandao wa upande wa Khartoum na mtandao wa upande wetu ilikuwa haiongei. Mkataba wa amani ulishatiwa sahihi, wakubwa walishapeana mikono mbele ya kamera, lakini mtu wa laini hii hakuweza kumpigia mtu wa laini ile hata kama wamekaa benchi moja wanakunywa chai. Kwa hiyo watu walipoanza kusema kuna mwanamke huko Lemon Gaba anayeongea na waliopotea vitani, jina lake lilijitunga lenyewe. Walimwita Abuba Simu, yaani Bibi Simu. Walisema mtandao wake peke yake ndio unaoshika pande zote.

Siku hizi nasoma vijana wakimbishania kwenye simu zao. Huyu anaandika alikuwa nabii, yule tapeli, mwingine mchawi mkubwa aliyeharibu mila zetu. Wengi wao miaka ile walikuwa wanabebwa mgongoni. Mimi nilikaa mbele ya mtungi wake, nikaingiza kichwa ndani. Kwa hiyo wanyamaze kidogo, niongee mimi. Muda ninao. Nina digrii iliyochukua miaka saba badala ya minne kwa sababu chuo kilifungwa kila mkubwa alipokohoa, na huu ni mwaka wa pili niko nyumbani, nimekaa sakit, bure kabisa.

Maisha ya huyu mama, kwa vile ninavyoyajua: alikimbia vita akiwa msichana aliyeolewa juzi, akakaa kambini kaskazini mwa Kenya hadi nywele zikaingia mvi. Alikuwa mpishi wa shule. Halafu akawa mwombaji katika kanisa moja la wavaa kanzu nyeupe, wakamfukuza kwa sababu alikuwa akiota ndoto nyingi kuliko mchungaji. Hapo ndipo alipoanza kazi yake mwenyewe.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kujur wa kale, waganga wetu wanaoongea na mizimu, humwita marehemu kwa lugha ya ukoo na majina ya ukoo. Ukikosea jina la babu wa tatu umeharibu kazi yote. Sasa kambini kulikuwa na watoto kama mimi, tuliozaliwa kwenye foleni ya mahindi, Kiswahili mdomoni, Kiingereza cha shule kidogo, na katika lugha ya baba zetu tunajua maneno matatu: njoo, kula, toka. Sisi tungemwita nani? Abuba Simu ndiye wa kwanza aliyethubutu kuwaita waliopotea kwa Kiswahili. Wazee walimwambia ametukana mizimu, marehemu gani wa kwetu aliyewahi kuongea Kiswahili. Akawajibu, na jibu hilo lilitembea hadi Juba kabla yake: "Aliyekufa hana kadi ya chakula, hana mpaka, hana kabila. Mnadhani bado anahangaika na lugha?"

Kwa hiyo alichukiwa na wazee wa mila, na akachukiwa na wachungaji, ambao Jumapili walimtaja jina na Jumatatu wake zao walionekana njia ya Lemon Gaba wamejifunga vitambaa usoni. Waliompenda ni sisi tuliorudi.

Baba yangu alikuwa mmoja wa wale wasiojulikana waliko. Alituacha kambini nikiwa nanyonya, akarudi msituni kupigana, na habari zake zikaja vipande vipande. Mtu mmoja alisema alimwona akivuka mto na kikosi chake. Mwingine akasema alimzika kwa mikono yake. Wa tatu akasema amemwona juzi tu, amenenepa. Tuliporudi Juba na malori, tulikuta kiwanja chake pale Atlabara bado kipo, kina mabati ya zamani na mti wa mlimau. Mama alisafisha, akaweka mlango, tukaingia.

Miezi mitatu baadaye akaja Amu Taban.

Amu Taban ni mdogo wa Baba. Alipelekwa Nairobi akiwa na miaka sita, akalelewa na watu wa kanisa, akasoma, akakulia kwenye nyumba za bomba na friji. Alirudi na kazi ya udereva katika shirika moja na Kiswahili cha mitaani kilichomfanya kila mtu amwite Mkenya. Kwa mila zetu, kaka akifa, mdogo anamrithi mjane, na kiwanja kinakaa chini ya mkono wake. Amu hakujua hata wimbo mmoja wa kwetu, lakini hiyo mila moja aliijua vizuri sana.

"Shemeji, hii stori ya kungoja imetosha," alimwambia Mama siku moja, amekaa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo. "Brathe akiwa hai angeshapiga. Simu ziko kila mahali siku hizi."

"Labda yuko laini ile nyingine," Mama akasema.

Mimi nilicheka. Amu hakucheka. Wiki iliyofuata alileta kitanda cha chuma, futi sita kwa sita, bado kimefungwa nailoni. Vijana wanne walikishusha. Hakusema ni cha nani, na hakuna aliyeuliza. Mama alikiacha barazani hivyo hivyo na nailoni yake, akakianikia bamia.

Wazee wa familia waliokaa New Site walichoka na ule mvutano. Wakasema aitwe kujur wa ukoo aseme kama mtu wao yuko ama amekufa. Akionekana amekufa, matanga yafanyike, ng'ombe achinjwe, Mama anyolewe, na Taban aingie. Amu ndiye aliyekataa kujur wa ukoo. Alisema hatakaa mahali watu wanaongea na kaka yake na yeye haelewi neno. "Twende kwa ule mathe wa Lemon Gaba. Yeye anafanya kwa Kiswahili. Nitasikia mwenyewe." Wazee waliguna, lakini Amu ndiye aliyekuwa na gari.

Tulienda Jumamosi, Amu, Mama na mimi, saa nne asubuhi, jua limeshapanda. Abuba Simu hakufanya kazi usiku. Alisema usiku hata mjinga huona vitu.

Nilitegemea mtu wa kutisha, mifupa shingoni, macho mekundu. Nilikuta mama mfupi amevaa kitenge na jezi ya mpira iliyopauka, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anakata kucha za miguu kwa wembe. Nyumba ilikuwa ya udongo, imefagiwa vizuri. Ndani kulikuwa na mitungi miwili mikubwa ya maji, ile inayoitwa zir, mmoja mwekundu kama tofali na mwingine mweusi karibu na ukuta. Mwekundu ndio uliokuwa umewekwa katikati juu ya mawe, umefunikwa sahani ya bati.

"Nani anaita?" akauliza.

"Mimi," Amu akasema.

"Wewe ni mtoto wake?"

"Mimi ni brathe yake mdogo."

"Sikuuliza ukoo. Mtoto wake ni nani?"

Nikasukumwa mbele. Alinitazama kuanzia nywele hadi malapa. Kisha akamgeukia Amu. "Una simu ngapi?"

"Mbili."

"Peleka zote kwenye gari. Zitaingiliana na yangu."

Amu alitabasamu kama mtu aliyesifiwa, akatoka. Gari lilikuwa mbali kidogo, barabarani, maana njia ya kuingia pale haikutosha hata baiskeli mbili. Abuba Simu aliendelea na kucha zake mpaka nyayo za Amu zikapotea. Kisha akamwuliza Mama kwa Kiarabu cha Juba, polepole, kama anauliza bei ya vitunguu: "Huyu anataka nini?"

"Ananitaka mimi," Mama akasema. "Na kiwanja."

"Na wewe?"

Mama alifikiria. Ninaikumbuka sura yake akifikiria, kwa sababu Mama yangu si mtu wa kufikiria mbele ya watu.

"Nataka niachwe," akasema.

Abuba Simu aliinuka, magoti yakalia. Aliondoa sahani kwenye mtungi mwekundu, akausogeza ule mweusi katikati, akaumwagia maji, akaufunika. Aliona namtazama. "Ule mwingine umechoka na watu wa jana," akaniambia.

Amu aliporudi, tulielezwa kazi inavyokwenda. Mtoto wa aliyepotea anaingiza kichwa mtungini na kumwambia mambo matatu yaliyobadilika nyumbani tangu aondoke, kwa sababu mtu aliyeondoka huona haya kuuliza. Kisha mtungi unafunikwa, unapanguswa kwa kitambaa kikavu, na watu wanakaa. Kama aliyeitwa yuko chini ya udongo, udongo wa mtungi utamlilia, nje kutatoka jasho. Kama bado anatembea, mtungi utakaa mkavu.

Nikaingiza kichwa. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya mvua ya kwanza. Sauti yangu ilirudi kubwa, si yangu.

"Baba, ni mimi Viola. Nimepasi, naenda darasa la tano."

"La pili," Abuba Simu akasema.

"Mama aling'oka jino la mbele. Bado anacheka lakini anaweka mkono."

Nilisikia Mama akivuta pumzi. La tatu Mama alikuwa amenong'oneza niseme tumerudi Juba. Sijui kwa nini sikusema hilo.

"Na Amu Taban ameleta kitanda kikubwa nyumbani, lakini Mama hajakilalia, ameanika bamia."

Nilitoa kichwa. Amu alikuwa anatazama vidole vyake. Abuba Simu alifunika mtungi bila hata kutabasamu, na kwa hilo nampa heshima mpaka leo, maana mimi nisingeweza.

Tulikaa. Aliomba kwa Kiswahili kile kile cha sokoni, anamwita Baba kwa jina lake la ubatizo, anamwambia kama anakaa na aseme anakaa, kama amelala na alie, watu wana kazi. Jua lilisogea kutoka kizingitini hadi kwenye vidole vya miguu yangu. Mimi nilikuwa namwombea mtungi. Nilisema moyoni, usitoke jasho, tafadhali usitoke. Nilitaka Baba awe hai, na nilimwogopa Amu kuhamia kwetu na viatu vyake vikubwa, na sikuona kama hayo ni maombi mawili.

Mwisho akamwambia Amu, "Njoo uguse mwenyewe. Mkono mzima."

Amu aligusa. Akazunguka, akagusa nyuma. Akanusa kiganja.

"Mkavu," akasema.

"Yuko," Abuba Simu akasema.

"Yuko wapi?"

"Mimi ni simu, bwana, sio basi. Yuko. Nyumba yake ni yake, mke wake ni wake. Khalas."

Jumanne vijana wanne walikuja kuchukua kitanda. Bamia ilimwagwa mavumbini na Mama akaiokota moja moja, taratibu, akiimba.

Nilitembea wiki kadhaa nikiwa mtoto mwenye baba. Niliwaambia shuleni. Kisha siku moja nilikuwa kwa jirani yetu, Mama Nakato, Mganda aliyekuwa anauza chapati na mayai pale kwenye kona, nasubiri zangu ziive. Alikuwa na mitungi miwili ya maji ya wateja. Mmoja ulikuwa umelowa kama mtu aliyekimbia. Nikashtuka, nikamwuliza nani amekufa.

"Nani amekufa namna gani?"

"Mtungi unatoka jasho."

Mama Nakato alicheka mpaka chapati ikaungua. "Wewe Viola, nyinyi ya Kenya mulikuwa munakunywa kwa jerikeni, hamujui kitu. Hii iko mupya. Mutungi mupya lazima itoe jasho, ndiyo inafanya maji baridi. Ile ingine iko ya zamani, matundu yake yameziba. Ile hata ukiomba Mungu mwaka nzima haitoi kitu."

Nilikimbia nyumbani bila chapati. Mama alikuwa anachambua maharagwe.

"Mama, mtungi wa zamani hautoi jasho. Hata uombewe vipi."

Hakuinua kichwa. "Nani amekuambia?"

"Mama Nakato."

"Na wewe umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Amu yako?"

"Hapana."

"Basi. Leta maji."

Ndiyo hivyo tu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba Mama, ambaye alikulia kwenye nyumba yenye zir mbili mlangoni, alijua tangu ule mweusi uliposogezwa. Mle ndani wasiojua walikuwa wawili, mimi wa kambini na Amu wa friji. Mwanaume mzima, na shule yake ya Nairobi, alishika mtungi mkongwe usioweza kulowa na akaacha mke na kiwanja. Nikiwa na hasira na dunia huwa nakumbuka alivyonusa kiganja, napata nafuu kidogo.

Lakini nafuu hiyo haidumu, kwa sababu Mama alipewa alichoomba, chote. Aliachwa. Mke wa mtu aliye hai hanyoi nywele, halii, hafanyi matanga. Kila Krismasi alipakua sahani ya Baba na kuifunika, maana Amu alikuja kula na macho yake yalihesabu sahani. Kulikuwa na fundi mmoja wa milango, mtu wa Gulu, mpole, aliyetutengenezea dirisha na akawa anapita kuangalia kama linafunga vizuri. Dirisha hilo lilikaguliwa mwaka mzima. Siku moja akauliza, "Mama Viola, mume wako yuko wapi?" Nilikuwa mlangoni. Nilimwona Mama anafungua mdomo, anafunga, anaweka mkono kwenye pengo la jino. "Yuko," akasema. Fundi akaokota msumeno wake. Dirisha halikukaguliwa tena.

Na Abuba Simu? Karibu na miaka ya kura ya kujitenga alimtolea jasho mtu mmoja wa New Site. Familia ikalia, ng'ombe akaliwa, na kabla mvua haijaisha marehemu akashuka kwenye lori kutoka upande wa Yei na mke mpya na redio. Vijana wa kanisa walienda Lemon Gaba wakavunja mitungi, mwekundu na mweusi. Alihamia nje zaidi ya mji, akafa huko baadaye, na hakuna mchungaji aliyekubali kumzika. Alizikwa na wanawake. Sasa wako wanaomwiga, wana spika na mabango na namba za simu, na hakuna hata mmoja anayekuuliza unataka nini kabla hajachagua mtungi.

Nilimkasirikia miaka mingi. Alimjengea Mama ukuta, hakuweka mlango. Na mimi alinipa baba ambaye siwezi kumzika.

Mwezi uliopita nilienda usaili wa kazi kwenye ofisi moja mjini. Nilijibu kila kitu. Mwisho mzee wa katikati akaweka kalamu chini na kuuliza swali lile wanalouliza wakitaka kujua uko chini ya mkono wa nani. "Baba yako yuko wapi?"

"Yuko."

"Yuko wapi?"

"Yuko tu."

Walitazamana, wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Majina yalipobandikwa ukutani, langu halikuwepo. Nilifika nyumbani saa nane mchana, nimechemka. Mama alikuwa amekaa kitandani anashona kifungo. Nilitaka kusema nimekosa kazi. Kilichotoka ni kingine.

"Mama, Baba amekufa."

Sentensi hiyo haikuwahi kusemwa katika nyumba yetu. Mama alitazama dirishani, halafu mlangoni.

"Funga kwanza," akasema.

Nikafunga. Akaweka sindano mahali salama, kwa uangalifu, kama mtu anayejua kazi iliyo mbele ni ndefu. Kisha akalia. Alimwita Baba kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia, la lugha yao, na mimi niliyejua maneno matatu nililia kwa Kiswahili. Tulilia bila adabu. Haikuchukua muda mlango ukagongwa na Mama Nakato akaingia na unga mikononi, na wanawake wengine wawili nyuma yake.

"Mama Viola, kuna nini? Nani amekufa?"

Mama alijipangusa na kitenge. Nilimwona akichagua.

"Hakuna aliyekufa. Viola amekosa kazi."

"Kazi tu ndiyo munalia namna hii?"

"Tuliingojea muda mrefu," Mama akasema.

Mama Nakato alitutazama, mimi, Mama, mimi tena. Aliishi jirani nasi karibu miaka ishirini na si mjinga. Alivua malapa, akakaa chini kwenye mkeka, akamwambia mmoja wa wale wanawake akalete sukari na mwingine awashe jiko. Wengine wakaja. Waliniambia pole, malesh, itakuja nyingine. Wakakaa mpaka jua lilipoanza kulala, wakiongea kwa sauti ya chini, mmoja wao amemshika Mama mkono.

Mkiniuliza Abuba Simu alikuwa nabii au tapeli, nitawaambia sijui, na swali lenyewe linanichosha. Aliwadanganya watu mtungi kwa mtungi, na wengine aliwaharibia. Mwanamke mmoja alimwokoa na mwanaume asiyemtaka, akamfunga kwa yule asiyekuwepo, na naamini alijua anafanya yote mawili kwa mkono mmoja. Sijamsamehe. Lakini jioni ile, nikiwa na kikombe cha chai mkononi na nyumba imejaa wanawake walioketi chini, nilielewa kwamba haya ndiyo matanga ya baba yangu, hayatakuja mengine, na nikanywa chai yangu polepole ili yasiishe haraka.